Senti kumi ya Edward haina mamilioni mhariri, mngeigeuza kwanza

Mhariri, habari za kazi na poleni na majukumu.

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na barua siandikagi, ila ile habari mliyotoa wiki mbili zilizopita ya mzee aliyekuta senti kumi ya mkoloni yenye jina la Edward kwenye sanduku la marehemu mama yake, mkaandika kwamba sarafu hiyo ni adimu na inaweza kumpatia mamilioni, imenishinda kuinyamazia. Siyo wivu jamani. Mi ni fundi saa hapa Tabora, lenzi ya jicho ndo kazi yangu, na kwasababu ya hiyo lenzi watu wa mtaani walishanifanya mtu wa kuwaangalizia sarafu toka zamani, sasa tangu habari yenu itoke kibanda changu kimegeuka ofisi ya madini. Shemeji yangu kaniletea senti kumi za tundu kumi na nne kwenye soksi. Kumi na nne! Na tatu kati ya hizo ni za huyo huyo Edward. Kitu ambacho soksi moja ya shemeji imebeba vitatu, mhariri, sijui uadimu wake mliupimia wapi.

Ngoja nieleze hiyo stori ya Edward maana mkanganyiko wote umeanzia hapo. Edward wa Nane alikuwa mfalme wa Uingereza mwaka 1936 peke yake, kaingia Januari, Desemba kaachia ngazi hata taji hajavishwa. Kule kwao sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa mtaani, zile chache za majaribio zilizobaki ndo zinazogombaniwa kwa bei za kutisha, na hayo mamilioni mnayoyasikia yanatokea huko. Sasa huku kwetu senti tano na senti kumi zina tundu katikati, sura ya mfalme haina pa kukaa, ni jina na taji tu, kwa hiyo viwanda havikuwa na sababu ya kusubiri mtu achonge uso, walibadilisha jina tu wakaendelea kupiga kazi na mzigo ukaja Afrika Mashariki. Yaani babu zetu walinunulia chumvi sarafu za mfalme ambaye Waingereza wenyewe hawakuwahi kuzishika zake mfukoni. Ni stori tamu sana, hata mi naipenda, ila utamu wa stori na bei ya sarafu ni vitu viwili tofauti.

Alafu kuna kijana mmoja kaja mbio kabisa ananiambia "mzee wangu, hii ina kosa la kiwandani, wameandika EDWARDVS badala ya Edward, na wameweka V sehemu ya U, mtandaoni wanasema sarafu yenye kosa ndo yenye hela." Nikamwambia kaa chini mwanangu. Hicho ni Kilatini, na kwenye Kilatini cha kwenye sarafu V ndo hiyo hiyo U, hata za George zimeandikwa GEORGIVS, zote, za miaka yote. Kama hilo ni kosa basi walikosea toka 1921 bila mtu kushtuka.

Sasa nije kwenye kilichonikera hasa. Habari yenu imetaja mwaka, imetaja jina la mfalme, imetaja mamilioni, ila haijataja herufi ya kiwanda, yaani ile alama ya kiwanda kilichoipiga, wala haijasema sarafu iko kwenye hali gani. Hivyo viwili ndo bei yenyewe. Kumtajia mnunuzi mwaka peke yake ni sawa na mteja anayenipigia simu "fundi, saa yangu imesimama, sh ngapi?" Saa gani? Imesimamishwa na nini, betri, maji, au mtoto kaigongea msumari?

Herufi yenyewe ni ndogo, kuna zingine haifiki punje ya ulezi, inajificha karibu na tundu au pembeni chini ya maandishi, na upande inapokaa unabadilika kutokana na aina ya sarafu, kwa hiyo angalia pande zote mbili taratibu huku unailaza kwenye mwanga, usiielekeze taa usoni moja kwa moja maana mwanga wa juu unafuta kila kitu. Hiyo hiyo senti kumi ya Edward ya 1936 ipo ya aina tatu. Isiyo na herufi yoyote imetoka London. Yenye H imetoka kwa Heaton, kiwanda cha Birmingham. Yenye KN ni King's Norton, nao wa Birmingham. Sarafu tatu, mwaka mmoja, mfalme mmoja, ukiziweka mezani macho makavu huoni tofauti, ila kila kiwanda kilipiga idadi yake na zilizobaki safi hazilingani, kwa hiyo anayekusanya anazitafuta zote tatu na kila moja anailipia bei yake. Mzee wenu anayo ipi? Hamkusema.

Wakati wa vita ya pili zikaja na herufi nyingine. Meli zilikuwa zinazamishwa, kusafirisha masanduku ya sarafu toka Uingereza ilikuwa kubahatisha, kwa hiyo kazi nyingine ikapelekwa karibu na huku, ndo unakuta za miaka ya 1940 zina I, hiyo ni Bombay, au SA, hiyo ni Pretoria. Nishakutana na jamaa anaapa kabisa kwamba SA ni Saudi Arabia na kwamba sarafu ililetwa na mahujaji. Sikubishana naye sana, alikuwa na furaha.

Upande wa Mjerumani ndo pazuri zaidi na ndo watu wanapopigwa zaidi. Kuanzia 1904, serikali ya Kijerumani ilipoigawa rupia kwa heller 100 badala ya pesa 64 za mwanzo, sarafu zikawa na A kwa Berlin na J kwa Hamburg. Na hapo niwakumbushe kitu, hili neno hela tunalolitumia kutwa nzima, "sina hela", "leta hela", ni hiyo heller ya Mjerumani, sarafu imekufa zaidi ya miaka mia jina liko hai linatutesa mpaka leo. Zile za mwanzo kabisa, za ile kampuni ya Kijerumani iliyotangulia kabla ya serikali yao, pesa za shaba za 1890 mpaka 1892 zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja na tai upande mwingine, hizo hata ukitafuta herufi mpaka macho yatoke machozi huioni, hazikuwekewa. Nasema hivi kwasababu kuna madalali wanamwambia mama wa watu kwamba pesa yake "haina namba ya kiwanda kwa hiyo ni feki" alafu wanaichukua kwa bei ya soda. Na kuna ile heller tano ya 1908 na 1909, lidude kubwa la shaba kama mfuniko wa chupa ya dawa, zote zina J, hakuna yenye A, ukiletewa yenye A ujue kuna mtu kakaa na patasi usiku.

Hali ya sarafu sasa. Hapa naomba nijisemee mwenyewe maana nilishaungua.

Babu aliacha kopo la kahawa lina rupia mbili za Kijerumani, zote za 1911, zote za J, zote nzuri, zilikuwa zimeingia weusi flani wa kizee, kama rangi ya moshi kwenye kona za herufi na kwenye uwanja, ile sehemu tupu isiyo na mchoro wala maandishi, kuna kabluu kwa mbali. Mi nikiwa kijana na akili za ufundi nikasema hapana, fedha haiwezi kuwa nyeusi namna hii, nikachukua moja nikaisugua kwa dawa ya meno, ikagoma pembeni, nikaongeza majivu, nikamaliza na kitambaa cha kung'arishia vioo vya saa. Ikawaka kama kijiko kipya. Ile ya pili sikuifikia, mteja alikuja nikaiacha, na namshukuru huyo mteja mpaka leo japo saa yake ilinishinda.

Miaka kadhaa baadae akaja mtu mmoja anayejua, mnunuzi wa kweli siyo hawa wa mnadani, nikamwekea zote mbili kwenye kitambaa cheusi nikitegemea aikimbilie ile inayowaka. Hata hakuigusa. Akaichukua ile nyeusi kwa kingo zake, kwa ncha za vidole viwili, akailaza chini ya taa akawa anaizungusha polepole, akaniambia tazama hapa. Nikatazama. Mwanga ulikuwa unatembea juu ya sarafu kama miale ya gurudumu, unazunguka nayo, kwenye ule uwanja mtupu kati ya uso wa Kaiser, mfalme wao Wajerumani, na maandishi. Akaniambia huo ndo mng'ao wa kiwandani, chuma kilipopigwa na muhuri kilitambaa kikaacha mistari midogo sana ambayo jicho haliioni ila mwanga unaiona, na ukishaisugua mara moja tu haurudi, hata uende kwa sonara gani. Akachukua ile yangu ya dawa ya meno akaizungusha vile vile. Mwanga ukakaa pale pale, umekufa, mweupe tu kama bati, na chini ya lenzi, lenzi YANGU MWENYEWE ya kazi, uso mzima wa Kaiser umejaa mikwaruzo kama nywele inayoenda upande mmoja, mkono wangu ulivyokuwa unakwenda. Ile nyeusi akanipa bei nikashukuru Mungu. Hii nyingine akasema ataichukua kwa uzito wa fedha. Uzito! Kama chakavu.

Ndo maana nikisoma kwenye gazeti lenu kwamba yule mzee "aliisafisha vizuri kabla ya kupiga picha" nilitamani nirushe redio.

Kuhusu kupima hali yenyewe, watu wanadhani ni kusema tu "iko poa" au "imechoka". Wakusanyaji wana gredi zao. Kuna ngazi za zamani zinazoandikwa kwa herufi, F, VF, EF, mpaka UNC ambayo haijawahi kutumika mtaani kabisa, na kuna mizani ya namba ya 1 mpaka 70 aliyoileta Mmarekani William Sheldon 1949 kwa ajili ya senti kubwa za kwao, siku hizi inatumika dunia nzima. Mtego uko kwenye hizo herufi. F ni kifupi cha neno la Kiingereza la "nzuri", kwa hiyo mtu akiona sarafu yake haijatoboka anasema basi hii ni F, tena hii nzuri sana hii ni VF. Hapana. Sarafu ya F imechakaa, ndugu yangu, umbo lote linaonekana ila vile vitu vidogo vidogo vimelika. Nyingi zilizoko kwenye masanduku ya bibi zetu haziifikii hata hiyo F. Na bei haipandi kwa ngazi sawa kama ngazi za nyumba, huku chini inatambaa, ukifika juu kule EF kwenda UNC inaruka, sarafu moja hiyo hiyo inaweza kuwa ya kununulia kikombe cha chai au ya kulipia kodi ya nyumba, mwaka ule ule, herufi ile ile.

Pa kuangalia ni pale palipoinuka, maana ndo panapoanza kusuguliwa na vidole na mifuko. Kwenye rupia ya Mjerumani angalia masharubu ya Kaiser na yule tai wa juu ya kofia yake, tai akishakuwa kama kifaranga kilicholoa ujue sarafu imetembea sana. Kwenye shilingi ya simba ya Mwingereza angalia bega la simba na manyoya ya shingoni, geuza upande wa pili angalia nywele za mfalme juu ya sikio. Za tundu ni ngumu kidogo, hazina uso, inabidi uangalie misalaba na lulu kwenye taji na zile pembe za ndovu upande wa pili kama bado zina mviringo au zimekuwa bapa. Na tundu lenyewe liangalie, watu walikuwa wanazitunga kwenye kamba, kwa hiyo mara nyingi ukingo wa tundu umelika upande mmoja. Rupia zilizovaliwa kama kidani nazo ni hivyo hivyo, ukiona juu ya kichwa cha Kaiser kuna kovu la risasi ya kulehemu au tundu lililozibwa, bei imekwenda, na wala usimlaumu bibi, alivaa akapendeza na ilikuwa haki yake.

Kabla sijasahau, hii ya miaka. Kuna mzee mwenzangu alinijia na sarafu ya shaba yenye mizani imechorwa, akanionyesha tarakimu za Kiarabu, akasoma vizuri kabisa 1299, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hii ni ya Washirazi, ina miaka mia saba. Kusoma alisoma sawa. Ila hiyo 1299 ni ya Hijria, kwa Miladia ni 1882, ni pesa ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, na zilipigwa nyingi mpaka leo zipo kila kona ya pwani. Uzee peke yake hata hausaidii, kuna sarafu za shaba za Warumi zina miaka 1,600 na zaidi zinauzwa kwa mafungu kama dagaa kwasababu wanazichimbua kila leo. Ukitaka za Zanzibar zinazosumbua tafuta zile za 1908 za Sayyid Ali bin Hamud zenye mnazi, hizo ukiiona moja safi nipigie simu hata saa nane usiku.

Na wale wa "shilingi ya simba ni fedha tupu" nao watulie. Shilingi za 1921 mpaka 1946 zina fedha robo tu, asilimia 25. Sarafu ina uzito wa gramu 7.8 hivi, piga hesabu, fedha iliyomo haifiki gramu 2. Za 1948 kwenda mbele hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Rupia ya Mjerumani ndo fedha ya kweli, inakaribia asilimia 92, gramu 11.66, na hiyo namba ya uzito ikariri maana itakuokoa.

Itakuokoa kwasababu feki zimejaa. Na sisi wa Tabora ndo tunaongoza kwa kuletewa feki za kwetu wenyewe, inauma kweli. Mwaka 1916, vita ya kwanza ya dunia, Mjerumani kazingirwa, meli za Mwingereza zimefunga bahari, sarafu haziji toka Ulaya, wakaamua kupiga zao hapa hapa kwenye karakana ya reli, herufi ikawa T, Tabora. Walitoa heller tano na heller ishirini za shaba ya njano na nyekundu, na dhahabu, rupia 15, yenye tembo kainua mkonga na mlima nyuma yake, dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Za dhahabu zilikuwa elfu kumi na sita na kidogo. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia mjini na mambo yakaisha. Sasa hizo heller ishirini ndo mi nazipenda kuliko hata hiyo dhahabu, maana zimepigwa kwa shida na inaonekana, vyuma havikutosha, mihuri ilikuwa inapasuka wanachonga mingine kwa mkono, kwa hiyo kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo, kuna zenye herufi L imekunja mkia na zenye L imechongoka, na nyingine zimepigwa upande mpaka nusu ya maandishi imeliwa. Mtu asiyejua anaona sarafu mbovu anaitupa. Mi nikiishika nasikia kabisa nyundo. Kwa hiyo kwenye hizi za T usitegemee usafi wa Berlin, ukiletewa ya Tabora imenyooka kila kona, herufi zote zimekaa kama jeshi la gwaride, hapo ndo uanze kushtuka.

Feki nyingi zinamiminwa kwenye kalibu, hazipigwi. Ya kumimina ina vipele na vishimo vidogo kwenye uwanja kama ngozi ya chungwa, maandishi yamelainika kama sabuni iliyotumika, na ukiizungusha ukingo unaweza kukuta mstari mwembamba ulipounganika upande na upande. Ijaribu kwa sumaku, rupia ya fedha hainaswi, hizo za bati ya chuma zinarukia. Kisha pima. Mi mizani yangu haifai kwa hilo, naazima ya sonara jirani, na juzi nimepima "rupia ya Mjerumani" ya kijana mmoja ikasoma gramu 8 na pointi. Alikuwa kaiuzia pikipiki. Sikujua nimwambieje, nikamwagizia chai kwanza.

Na ile reale kubwa ya fedha ya Maria Theresa, malkia wa Austria, yenye mwaka 1780, hiyo mwaka wake ni kama jina tu. Yule mama alikufa 1780 wakaendelea kuipiga kwa mwaka ule ule kwasababu wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walishaizoea na walikuwa wanaikataa yenye mwaka mwingine, ikapigwa Vienna, Roma, London, Bombay na kwingine, na Vienna bado wanaipiga mpaka leo. Kwa hiyo mtu akikwambia ana reale ya miaka karibu 250 muulize ina manyoya mangapi mkiani kwa yule tai, utamwona anavyoangalia pembeni. Wanaojua wanazitofautisha kwa vitu kama hivyo, mkia, kipini cha shela, nukta baada ya mwaka.

Moja la mwisho na hili ni zito kidogo. Tangu habari yenu itoke kuna vijana wameanza kuchimba kwenye magofu na karibu na maboma ya zamani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 na kuchimba bila kibali ni kosa, na zile sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa zikitolewa na jembe kwenye udongo zinapoteza kitu ambacho hakuna gredi inayokirudisha, yaani zilikuwa tabaka gani, pembeni ya nini. Mngeweza kuandika hata mstari mmoja.

Ninachoomba, mhariri, siyo mengi. Mkiletewa tena habari ya sarafu ya mamilioni piga picha pande zote mbili, pima uzito, andika herufi ya kiwanda kama ipo na kama haipo semeni haipo, na muulize mwenye mali kama kaisugua. Na kama mnatoa bei semeni ni bei ya hali gani, na kama ni bei ya kwenye katalogi, kile kitabu cha bei za sarafu, au ya mtu aliyetoa pesa mkononi, maana katalogi hainunui sarafu, mfanyabiashara naye lazima ale, atakupa chini ya hapo.

Picha mliyotoa ina upande wa taji tu. Nimeikodolea kwa lenzi mpaka nikaona nukta za wino wa gazeti. Kama yule mzee yuko karibu na ofisi zenu mwambieni aigeuze anipigie picha upande wa pembe za ndovu, kwenye mwanga wa dirisha, bila flashi, na nimemuombea isiwe ile ya kusuguliwa sana. Ikiwa nayo iko kama za kwenye soksi ya shemeji nitamwandikia kwa upole.

Fundi saa,
Tabora.